Kifua cha Kujifunzia

Mdogo wangu ana jina zuri, alilopewa na marehemu baba, lakini chuoni waliliweka kando wakamwita Filimbi. Waliomwita hivyo ni wenzake waliokuwa wakisomea udaktari pamoja naye, na jina hilo walilitoa kifuani mwake. Mara ya kwanza kulisikia nilicheka, nikidhani kijana amejiunga na bendi. Siku hizi nikisikia mtu analitamka, mkono unaniwasha.

Nitasimulia jambo hili kama lilivyokuwa na sitajitia upole. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, nimezoea kusema mpaka darasa la jirani linanyamaza. Mama huniambia, "Punguza sauti, mwanangu, majirani." Majirani na wasikie.

Alipokuwa mdogo alikuwa na pumu. Ikimshika, mama humkalisha kitandani, amemwegemeza kifuani mwake, na kazi yangu mimi ilikuwa kuleta pampu ya kupuliza mdomoni na kuitikisa vizuri kabla ya kumpa. Nilikuwa naitikisa huku nalia. Akiisha kupuliza na pumzi ikarudi, mama hunitazama na kusema, "Haya, mkubwa wa kulia, kamwage maji ya moto." Ndivyo tulivyoishi utoto wetu, masikio ya mama na yangu yakiwa kwenye kifua cha mtu mmoja.

Alipobalehe, akaota ndevu mbili tatu za kujivunia, pumu ikamwacha. Pampu ya mwisho ikabaki kabatini kwa mama, nyuma ya vikombe vya wageni. Naye akasema atakuwa daktari, na daktari wa kifua hasa, si mwingine. Mama alianza kumwita Daktari tangu siku hiyo. "Daktari, vyombo havijaoshwa." "Daktari, hiyo suruali umelala nayo?" Alipopata nafasi chuoni mama alilia mlangoni, mimi nikambebea begi mpaka kituoni, tukaagana kama watu wanaoachana kwa miaka.

Sasa sikiliza walichomfanyia huko.

Wanafunzi wa udaktari mwaka wa kwanza hupasua maiti ili wajifunze mwili. Maiti hizo huhifadhiwa kwa fomalini, na harufu ya fomalini haina adabu. Inaingia kwenye nywele, inakaa kwenye kucha, unamega mkate nao unanuka vilevile. Siku ya kwanza, wageni walipotoka ukumbini macho yamewaiva na matumbo yamekataa chakula, walikuta wakubwa wao wa mwaka wa tatu wamewasubiri nje na pakiti za sigara. Ilikuwa desturi ya pale. Wakubwa nao walipokewa hivyo na waliowatangulia. Kila mgeni alipewa moja, akawashiwa, akaambiwa, "Vuta, mdogo wetu. Hii inaua harufu."

Watu hao wanajua mapafu yamegawanyika mara ngapi. Wamelishika pafu jeusi kwa mikono yao wenyewe, wamelikata vipande, wameambiwa na mhadhiri weusi ule umetoka wapi. Wananawa mikono, halafu wanatoka nje kuvuta. Nimefundisha watoto wa darasa la pili wanaokula chaki, na bado sijaona ujinga wa aina hii.

Mahali pao pa kuvutia palikuwa nyuma ya jengo la dobi, pale mashuka ya hospitali yanapoanikwa. Walipaita Oksijeni. "Twende Oksijeni," wanaambiana baada ya kipindi, na kucheka. Majivu waliyakung'uta ndani ya sahani ya chuma yenye umbo la figo, ile ambayo manesi huwekea pamba na sindano, waliyoiiba wodini. Tangazo la kukataza sigara lilikuwa ukutani juu ya vichwa vyao, nao walikuwa wakizimia vichungi kwenye herufi zake. Haya niliyaona kwa macho yangu baadaye, nilipokwenda kumtafuta mtu wa kumgombeza.

Likizo ya kwanza alirudi nyumbani, akanikumbatia, nikamsukuma.

"Unanuka."

"Ni maabara, dada."

"Maabara gani hiyo inayouzwa dukani kwa pakiti?"

Akacheka, akaniambia ni ya muda tu, wakimaliza maiti ataacha. Maiti ziliisha. Yeye aliendelea.

Mwaka wa pili wakaanza kujifunza kusikiliza vifua. Hufanya hivyo wao kwa wao: wanavua mashati, wanagusishana stethoskopu migongoni, mmoja anavuta pumzi na mwingine anasikiliza. Vifua vya vijana wazima ni vya kuchosha, vyote vinatoa sauti moja ya upepo. Wakafika kwa mdogo wangu. Aliyemsikiliza alikuwa rafiki yake wa chumba kimoja, kijana mrefu mwenye majibu mengi, wakimwita Profesa. Profesa akatoa macho, akainua mkono na kupiga kelele, "Jamani, njooni msikie! Huyu analia filimbi!"

Wakapanga mstari. Mhadhiri wao mwenyewe akaja, mtaalamu wa kifua anayejulikana, akasikiliza, akasema hiyo ndiyo sauti ya njia za hewa zilizobana, waishike vizuri kwa sababu huja kwenye mtihani. Kisha akamwuliza, "Unavuta?" Mdogo wangu akajibu, "Kidogo." Mhadhiri akasema, "Acha," akaenda kwa mwanafunzi mwingine. Neno moja, kama unavyomwambia mtoto aache kuchezea bawaba ya mlango.

Pumu ilikuwa imerudi, sigara zimeiita nayo imeitika. Darasa zima la madaktari watarajiwa liliisikia kwa masikio yake, na hakuna hata mmoja aliyemshika mkono kumpeleka kutibiwa. Walifurahi. Walikuwa wamepata kifua cha kujifunzia, bure, chumba cha pili kutoka ngazini. Jina la Filimbi lilianza siku hiyo hiyo, na kila ukaribiapo mtihani walikuwa wanagonga mlango. "Filimbi, tuazime kifua." Naye, kwa sababu ni mtu wa watu na hajui kusema hapana, anavua shati.

Profesa ndiye aliyegundua kwamba filimbi hukolea Filimbi akivuta sigara halafu akapanda ngazi za bweni mbio. Wakaifanya kuwa utaratibu: moja Oksijeni, ghorofa tatu mbio, kisha kitandani. Waliniambia haya wenyewe, na mmoja alipokuwa akiniambia bado alikuwa na kitabasamu cha kumbukumbu. Nilimwomba akifute.

Tusimwonee mtu, mdogo wangu alijaribu kuacha. Mara ya kwanza alijaribu kwa pipi za mnanaa, akala mpaka ulimi ukachubuka, na sigara akairudia akiwa na pipi mdomoni. Mara ya pili alimwapia mama. Likizo nzima hakugusa, akanenepa mashavu, mama akawa anamwonyesha kwa wageni kama cheti. Siku aliyorudi chuoni alikuta wenzake wamekaa Oksijeni, wakamsogezea nafasi kwenye benchi. Basi, ikawa imekwisha.

Mara ya tatu ilitokana na mzee mmoja wodini. Wanafunzi walikuwa wamepewa kazi ya kuwashauri wagonjwa waache sigara, na mdogo wangu alikuwa hodari wa kazi hiyo, ana sauti ya huruma na maneno yamepangika. Akakaa kitandani pa mzee anayekohoa, akamweleza hatari moja baada ya nyingine. Mzee akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akamsogelea na kumnong'oneza, "Mjukuu wangu, hiyo uliyovuta asubuhi ni aina gani? Imebaki nyingine?"

Wodi nzima ilicheka, na nesi akageukia dirishani. Mdogo wangu alinipigia simu jioni hiyo.

"Dada, naacha."

"Tumeshasikia."

"Safari hii naacha kweli."

Akaacha kweli, sitamnyima haki yake. Alikwenda kujiandikisha kliniki ya wanaotaka kuacha sigara, hapohapo hospitalini, akakaa kwenye benchi pamoja na wagonjwa aliokuwa akiwashauri. Akabandika mkononi kibandiko cha dawa ya kupunguza hamu. Akatafuna vijiti vya meno mpaka midomo ikatoka damu. Nilikuwa nampigia kila nikitoka shule.

"Umevuta?"

"Sijavuta. Nina hamu ya kumng'ata mtu."

"Ng'ata kalamu."

"Dada, nakuheshimu sana, lakini nitakukatia simu."

Anakata. Kesho yake nampigia tena. Wiki zikapita. Akaanza kulala vizuri, ngazi akawa anazipanda huku anaongea. Siku moja akaniambia amejisikiliza mwenyewe na stethoskopu yake na kifua kimekuwa cha kuchosha, upepo mtupu. Alilisema hilo kwa fahari, na mimi nilikaa chini kwenye ngazi za shule nikafuta macho kwa kifutio cha ubao, nikarudi nyumbani uso mweupe kwa chaki.

Na wakati huohuo mtihani mkubwa wa vitendo ulikuwa unakaribia, ule wa kumaliza. Kila mwanafunzi huletewa mgonjwa, anamsikiliza, anasema alichosikia. Ukikosea unarudia mwaka.

Siku moja kabla ya mtihani, mchana, walimjia chumbani. Walikuwa Profesa, vijana wengine wawili, na msichana mmoja wa miwani ambaye ndiye aliyenisimulia haya yote akiwa ameegemea ukuta wa hospitali. Profesa akaweka stethoskopu mgongoni pa mdogo wangu, akasikiliza, akakunja uso.

"Filimbi, umetuua. Hakuna kitu humu."

"Nimeacha, kaka. Unajua nimeacha."

"Umeacha wakati mbaya. Si ungengoja hata keshokutwa?"

Wakacheka. Mdogo wangu naye akacheka. Profesa akatoa pakiti.

"Moja tu. Kwa ajili ya elimu."

"Siwezi."

"Mtu wangu, mimi sijaishika ile sauti vizuri. Nikiangushwa kesho, utafurahi?"

Msichana wa miwani anasema mdogo wangu aliitazama ile sigara kitambo, kisha akamtazama Profesa, kisha akanyoosha mkono. Hapo ndipo hasira zangu zinapogawanyika. Nusu nawapa wao, na nusu nampa yeye, kwa sababu mkono ulionyooka ulikuwa wake. Wiki zote zile za kung'ata kalamu, na akazitoa ili mtu mwingine afaulu.

Akavuta dirishani. Wakamkimbiza ngazi. Filimbi ikaja lakini hafifu, Profesa akasema wasubiri, akamwashia ya pili. Akakimbia tena. Safari hii ikalia vizuri, wakapokezana mgongo wake, huyu akisikiliza chini, yule juu, wakibishana ni sauti ya kuvuta pumzi au ya kutoa. Yeye alikuwa ameinama, mikono magotini, haongei. Walidhani ametulia ili wasikie vizuri.

Kisha filimbi ikakatika. Mmoja wa vijana akasema, "Imeisha." Profesa akasikiliza huku na huku, akavua stethoskopu masikioni, akampiga mdogo wangu begani.

"Kimya kabisa. Umepona, mzee. Kifua safi."

Wakakusanya madaftari, wakaenda kula.

Kifua cha mwenye pumu kikinyamaza ghafla, naye anapigania pumzi, hajapona. Hewa imekosa njia hata ya kupigia filimbi. Jambo hilo limeandikwa kwenye vitabu vyao, limepigiwa mstari, na waliwahi kuulizwa. Mimi si daktari, nimeambiwa baadaye na hao hao. Walikuwa wanatafuta sauti, na ilipokosekana walidhani somo limekwisha. Mtu aliyekuwa ameubeba ule mgongo hawakumtazama usoni.

Msichana wa miwani alikuwa amesahau koti lake. Alirudi akamkuta mdogo wangu ameshika ukingo wa meza kwa mikono miwili, mabega yamepanda, midomo imegeuka rangi, anajaribu kusema neno na neno halitoki. Hapo ukurasa wa kitabu ukamrudia akilini. Alipiga mayowe mpaka bweni zima likatoka, wakambeba na godoro lake, wakavuka naye ua kukimbilia hospitali. Pampu yake ilikuwa nyumbani, nyuma ya vikombe vya wageni.

Tulipofika na mama, walikuwa wamemwekea bomba la kupumulia kooni. Mama alikaa kando ya kitanda, akaweka kiganja kifuani pa mwanawe. Mimi nilitoka koridoni, nikawakuta wamejipanga ukutani na makoti yao meupe. Mrefu nikamtambua bila kuonyeshwa.

"Dada, pole sana," Profesa akasema. "Hatukujua."

"Hamkujua? Humu ndani mnasoma nini, ushonaji?"

"Tulisikiliza, dada. Kulikuwa kimya."

"Hata maiti ziko kimya! Nazo mlizipiga bega mkaziambia zimepona?"

Akainamisha kichwa. Nilimwambia ainue. Nilimwambia mengi, na nesi alikuja mara mbili kuniomba nipunguze sauti. Nilimwambia kwamba mama yetu, ambaye hakusoma, aliweza kusikia kifua kile kutoka jikoni na sufuria likichemka, kwa sababu alikuwa anamsikiliza mtoto, hakuwa anasikiliza filimbi. Msichana wa miwani alilia. Profesa hakulia.

Bomba lilitolewa, akaanza kupumua mwenyewe. Asubuhi moja mhadhiri wao, yule wa "Acha", akaja na kundi la wanafunzi wa mwaka wa pili, stethoskopu zikining'inia shingoni. Akasema kwa upole kwamba kisa hiki ni adimu na kina mafunzo makubwa, kama mgonjwa hatajali. Mdogo wangu alikuwa ameshaanza kufungua kifungo cha shati. Mazoea hayo! Nikasimama katikati yao.

"Darasa limefungwa," nikasema.

"Mama, ni kwa faida ya..."

"Mimi mwalimu pia. Nimesema limefungwa."

Wakageuka wote, hata mhadhiri. Mdogo wangu alifunga kifungo chake taratibu, akalala akitazama dari, na machozi yakamtoka pembeni yakaingia masikioni. Nilimfuta.

Mtihani alikuwa ameukosa. Wenzake waliufanya, na wakafaulu. Profesa aliletewa mgonjwa wa pumu, akaitambua sauti hata kabla ya kumaliza kuvuta kiti, akasifiwa. Niliposikia hilo nilivunja sahani jikoni, na mama akaniletea nyingine.

Mdogo wangu akarudia mwaka. Hakuvuta tena. Si kwamba ilikuwa rahisi. Alikuwa mkali, akigombana na mlango, na mara moja alinitukana nikamsamehe nusu saa baadaye. Alikwenda mwenyewe nyuma ya dobi, akaichukua ile sahani ya chuma, akaiosha na kuirudisha wodini. Watu waliopita wakimwita Filimbi alikuwa haitiki. Wakirudia anaendelea na njia yake, mpaka wanakumbuka jina alilopewa na baba.

Siku ya mahafali ya wenzake alitaka kwenda. Nilimwambia ana kichaa. Akasema waliokuwa wanahitimu ni rafiki zake. Nikaenda naye, nimevaa viatu vya kupigania.

Walikuwa uwanjani kwenye majoho, wazazi wanapiga picha, na Profesa akaja amefungua mikono. Alimkumbatia mdogo wangu muda mrefu. Akageukia wenzake na kusema kwa sauti ya kuchangamsha watu, "Huyu ndiye aliyetufaulisha! Bila kifua chake..." Hakumaliza, alikohoa. Alikohoa akainama, kofia ya mahafali ikaanguka kwenye nyasi, na alipoinuka alikuwa amejishika ubavu, anacheka ili watu wacheke.

Mdogo wangu hakucheka. Alikuwa ameegesha kichwa upande, kama mama anavyofanya. Akatoa stethoskopu mfukoni mwa koti, akamwambia, "Fungua joho."

"Hapa? Acha utani."

"Fungua."

Watu walikuwa wanatazama. Profesa akafungua. Mdogo wangu akaweka stethoskopu kifuani, akasikiliza, akaihamisha, akasikiliza, akaipeleka mgongoni, pale chini, akakaa hapo sana. Profesa alikuwa ameacha kucheka. Macho yake yalikuwa usoni pa mdogo wangu, yanatafuta, na mimi niliyajua macho hayo, nimeyaona kitandani kwetu tangu nikiwa natikisa pampu.

Alikuwa amesikia kitu. Mimi dada yake nilijua. Na darasa zima lilikuwa pale, na stethoskopu zao mpya, na mhadhiri amesimama karibu na meza ya vinywaji. Moyo wangu ulikuwa unapiga kwa furaha mbaya. Nilisema ndani yangu: waite. Waite wapange mstari. Wape wasikie.

Mdogo wangu akavua stethoskopu masikioni. Akamfunga Profesa vifungo vya joho, kimoja kimoja, mpaka cha juu. Akaokota kofia, akaikung'uta nyasi, akamvika. Kisha akamsogelea sikioni, na kama nisingekuwa nimesimama karibu nisingesikia.

"Kesho asubuhi nakupeleka ukapigwe picha ya kifua," akasema. "Tutakwenda wawili tu. Usimwambie mtu."

Profesa akatikisa kichwa kukubali. Akatoa pakiti kwenye mfuko wa suruali, akaitazama, akampa, na mdogo wangu akaipokea akanipa mimi niishike, kwa sababu hakutaka kuwa nayo mkononi.

Tulirudi nyumbani. Pakiti niliitumbukiza pipani karibu na kituo, nikaikanyaga kwanza. Njia nzima nilikuwa na hasira naye, kwamba alikuwa na nafasi na hakuitumia, na mama alipotufungulia mlango na kuuliza sherehe ilikuwaje, nilimwambia, "Mwulize Daktari."